Hatua za Agent Namba Saba

Wamama wenzangu wa Musaga, na nyinyi wengine wenye watoto wanaofanya kazi kwenye makliniki, nisikilizeni. Siku universite itakapofika kazini kwa mtoto wako na kusema inakuja kumpunguzia uchovu, usishangilie. Usimwambie "jitahidi wakuone". Mwambie aulize kwanza: hiyo namba mnayoandika mtampelekea nani, na huyo mtu ataifanyia nini? Mimi sikuuliza. Mimi nilitembea.

Mtoto wangu anaitwa Benite, ana miaka ishirini na sita, ni msaidizi wa wauguzi kwenye kliniki moja hapa Bujumbura. Jina la kliniki naliacha, maana kuna watu bado wanakula pale. Kazi yake iko ghorofa ya juu, vitanda ishirini. Anaosha wagonjwa, anabadilisha mashuka, anamwaga vyombo, anapandisha maji kwa ndoo kwa sababu bomba la juu limekufa tangu mwaka juzi, na kila mwezi wanasema fundi yuko njiani. Huyo fundi nafikiri anatoka mbali sana. Glavu zikiisha, Benite anashuka chini kwa Jordan. Jordan ni msaidizi kama yeye, lakini ndiye anashika ufunguo wa kabati, na ufunguo hautoki mfukoni mwake. Anayetaka glavu anashuka, anayetaka sabuni anashuka, anayetaka pamba anashuka, halafu wote wanapanda tena. Jordan anakaa. Ana kiti chenye mto, na mto wenyewe una maua.

Benite alikuwa na kontra, mkataba wa kazi wa miezi sita. Ikiisha, wanakupa nyingine ama unarudi kwa mama yako. Tangu baba yake alipofariki, kila miezi sita ikikaribia kuisha mimi silali. Nauza ndagala, vile visamaki vya ziwani. Ndagala zinatuwekea chakula kwenye sahani, lakini wadogo zake wawili wako shuleni kwa ile kontra, na paa tunalolala chini yake ni ile kontra. Ikianguka, tumeanguka wote wanne.

Basi mwezi wa pili wakaja watu wa universite. Mkubwa wao Docteur Sylvère, ambaye ni daktari wa makaratasi, si wa sindano. Ukizimia mbele yake atakupa maswali ya kujibu. Pamoja naye mwanafunzi mmoja, Mélissa, msichana mpole mwenye viatu vyeupe. Wakakusanya wafanyakazi, wakawapa Fanta, na Docteur akaongea Kifaransa saa nzima. Universite, akasema, haitaki tena utafiti wa kuweka kabatini. Inataka utafiti wa kutumika, wa kushuka pale kazini na kutengeneza. Wanataka kujua mfanyakazi wa kliniki anachokea wapi, ili kazi ipangwe upya asichoke. Kila mmoja atavaa bangili nyeusi ya plastiki inayohesabu hatua za miguu na kujua ukipanda ama ukishuka, mchana na usiku, siku kumi na nne. Majina hayataandikwa. Kila mtu atakuwa agent namba fulani. Benite akawa namba saba.

Maneno hayo hayakuwa mabaya. Ubaya uliingia pale Directrice wa kliniki, Madame Adélaïde, aliposimama kuyafasiri kwa wale ambao Kifaransa chao kinaishia kwenye bonjour. Alifasiri hivi:

"Wanataka kuona nani anatumika kazi na nani anakaa tu. Kontra zinaisha mwezi wa tatu. Muko tisa. Sitaandika tena zote tisa. Nitafwata ripoti. Mumesikia?"

Walisikia. Docteur Sylvère naye alisikia, maana Kiswahili anakijua kama mimi na wewe, amekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akafunga kompyuta yake. Ilikuwa karibu saa sita na nusu, na nyama choma ilikuwa imeagizwa.

Kisha wakagawiwa karatasi ya kukubali, kurasa nne za Kifaransa. Wakasaini migongoni mwa wenzao, mmoja ameinama, mwingine anaandika.

Jioni Benite akanieleza yote huku anakula. Nikamwuliza, "Sasa namba kubwa iko muzuri ao mubaya?"

"Mama! Kutembea ndiyo kazi yenyewe. Nani anatembea bure kwenye kliniki?"

Nikaona ana haki. Nawe ungeona hivyo hivyo.

Haikupita siku tatu, bangili zikaanza kusafiri. Annick, mwenzake Benite wa ghorofa ile ile, ana mume anayeitwa Bahizire, anapakua mizigo bandarini. Annick akitoka zamu, anamvalisha mumewe bangili, yeye mwenyewe analala usingizi wa mtoto mchanga wakati hatua zake zinashusha saruji kwenye meli. Mwingine akaipeleka kwenye kwaya ya kanisa lao, ambako wanaruka toka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Chini kwa Jordan hakukutokea kitu. Jordan aliivaa bangili, akakaa.

Benite hakutaka. Ni mtoto wa baba yake, yule mtu alikuwa akiokota kalamu barabarani anasimama kuuliza ni ya nani. Lakini mimi nilikuwa nahesabu siku za kontra. Asubuhi moja aliporudi kutoka zamu ya usiku, akalala kama mti uliokatwa, nikaitoa bangili mkononi mwake taratibu, nikaivaa, nikabeba beseni langu la ndagala. Kwa kawaida nauzia sokoni, nakaa. Siku hiyo nikajiambia, kwa nini nikae? Nikaenda Kiriri kwa miguu.

Wanaojua wanajua. Kutoka Musaga mpaka Kiriri ni mwendo, na ule mwisho ni mlima mtupu, nyumba za wakubwa na wageni, watu wasiotembea hata kwenda getini. Mélissa alikuwa amewaeleza kuwa bangili inahesabu mkono ukiyumba. Kwa hiyo beseni nililishika kichwani kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nikaurusha mbele na nyuma kama askari siku ya gwaride.

Zamu mmoja, yaani mlinzi wa nyumba, kijana anaitwa Twalibu, alikuwa amekaa mbele ya geti jeusi. Akaniangalia napanda, akaniangalia nashuka, akaniangalia napanda tena.

"Mama Ndagala," akasema, "unauza samaki ao unafanya parade?"

"Minauza."

"Mbona huulize mutu? Umenipita mara tatu hata kusema 'ndagala' hukusema."

"Mutoto wangu, mi niko kazini."

"Wallahi, hiyo kazi wanitafutie na miye. Kuchapa hewa."

Kila siku Benite akilala, mimi napanda. Siku ya tatu akaamka mapema, akakuta mkono mtupu. Niliporudi alikuwa ameketi mlangoni.

"Mama, iko wapi bangili?"

Nikaivua, nikampa. Akainusa.

"Inanuka ndagala. Juzi pia ilinuka, nikafikiri ni mi mwenyewe. Mama, juu ya nini unanifanyia hivi?"

"Mume ya Annick eko anabeba saruji na ya Annick. We unataka ubaki nyuma? Kontra ikipotea, watoto tutawaambia nini?"

Akainama, akashika miguu yake. Alikuwa na malengelenge kwenye visigino kwa kupandisha ndoo, nayo nikayaona pale. Mwishowe akanirudishia bangili bila kuniangalia.

"Basi chukua. Lakini usipande gari, itajulikana."

Hiyo ndiyo ilikuwa baraka yangu. Nikatembea siku tisa. Viatu vyangu vya plastiki vilikatika siku ya sita, nikavifunga kamba, nikaendelea. Nilikuwa na furaha, naomba mniamini. Kila hatua nilikuwa naona kama napigilia msumari kwenye kontra ya mtoto wangu.

Mwezi wa tatu tukaitwa kwenye siku ya matokeo, Jumamosi asubuhi. Kila mfanyakazi aje na mtu mmoja wa familia, kwa sababu, walisema, familia ni sehemu ya afya ya mfanyakazi. Benite alivaa gauni lake la kanisa. Annick alikuja na Bahizire, mabega mapana, amebanwa kwenye shati la mikono mirefu. Jordan alikuja na mama yake. Fanta zikapita.

Docteur Sylvère akawasha mashine, ukuta ukajaa mistari ya rangi. Siku hiyo aliongea Kiswahili, kwa heshima ya familia. Akaeleza kwamba mwili wa mtu anayefanya kazi ya wagonjwa una kiasi chake cha hatua. Ukipita kiasi hicho, huyo mtu atakosea dawa, atamwangusha mgonjwa, na mwisho ataanguka mwenyewe. Kwa hiyo utafiti wao umetafuta walio kwenye hatari.

Mnaona? Namba kubwa haikuwa nzuri. Haikuwa nzuri tangu siku ya kwanza, iliandikwa kwenye zile kurasa nne zilizosainiwa migongoni.

"Tuangalie agent namba saba," akasema Docteur. Mstari mwekundu ukapanda ukutani mpaka karibu na dari. "Huyu mutu hapumuzike. Anatumika usiku muzima. Asubuhi, pahali pa kulala, anapanda mulima. Mulima, wapendwa! Anapanda, anashuka, anapanda tena, siku tisa! Hii si kutembea tena. Hii ni roho inayokimbia mwili wake."

Watu wakasema "ooh". Madame Adélaïde akatoa kitambaa akajipangusa macho. Mama yake Jordan akaniegemea akaninong'oneza, "Maskini, ni nani huyo? Tumuombee."

"Na namba nne," Docteur akaendelea, "anafikia hatua nyingi sana, tena kwa mwendo mufupi-mufupi, kama mutu aliyebeba kitu kizito. Tunafikiri huyu mwanamuke anateseka kwa siri."

Bahizire akakohoa ndani ya Fanta yake.

Kisha ukatokea mstari wa kijani, umelala chini kimya kama ziwa asubuhi. "Sasa muone namba mbili. Kazi yake yote anaimaliza na hatua kidogo kabisa. Hapotezi nguvu. Anatumika na akili. Tunaomba kliniki imuchukue kama mufano."

Majina hayakutakiwa kujulikana, lakini Jordan alisimama, akainama kulia, akainama kushoto. Mama yake akapiga vigelegele.

Mélissa, kule nyuma, akainua mkono. "Docteur, nilikuwa nimeandika kwamba wote wanashuka kwa namba mbili kutafuta glavu. Labda hatua zao ni..."

"Mélissa, maswali ni mwisho."

Likaja pendekezo, limeandikwa kwa herufi kubwa ukutani: agent namba nne na agent namba saba watolewe kwenye kazi hiyo ili walindwe. Walindwe! Directrice alikuwa anaandika kwenye daftari lake, na nikajua anaandika nini.

Nikaona nina njia mbili. Nikinyamaza, mtoto analindwa mpaka barabarani. Nikisema, mtoto anaitwa mwongo. Nilifikiri, mwongo hata hivyo anaweza kuomba msamaha. Aliyelindwa ataomba nini? Nikasimama.

"Docteur, naomba samahani. Hiyo miguu iliyopanda mulima ni yangu."

Docteur akageuka kutoka ukutani.

"Yako namna gani, mama?"

"Niliivaa bangili ya mutoto wangu. Nilikuwa napeleka ndagala Kiriri. Yeye alikuwa amelala, alipumuzika vizuri kabisa. Roho yake haikimbie popote. Kama kuko mutu wa kulindwa hapa, munilinde miye, lakini musimutoe mutoto kazini. Directrice aliwaambia ripoti itaonyesha nani anatumika. Tukafikiri kutembea ndiyo kutumika. Nani angefikiri ingine?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wote. Hata mama yake Jordan, aliyetaka kuniombea, alicheka mpaka Fanta ikamwagika. Docteur Sylvère hakucheka. Alikuwa ameshatuma ile mistari kwa wale wanaolipia utafiti, na wiki iliyofuata alikuwa anaenda kuionyesha kwenye mkutano. Akamgeukia Madame Adélaïde, Madame Adélaïde akaangalia dirishani.

"Kama namba saba si ya kweli," Mélissa akasema polepole, "basi labda na zingine..." Akamwangalia Bahizire. Bahizire akaangalia viatu vyake. Annick hakufungua mdomo, na simlaumu. Alikuwa ameona nilivyochekwa.

"Hakuna shida," Docteur akasema. "Hii inatokea. Tunasafisha tu matokeo." Akainama kwenye kompyuta, akabonyeza, na ule mstari mwekundu ukatoka ukutani. Pale ulipokuwa pakabaki peupe. "Namba saba ametoka kwenye utafiti. Tuendelee."

Wakaendelea.

Jumatatu Annick akapewa barua ya kulindwa, ya lugha nzuri, yenye muhuri. Benite hakupewa barua yoyote. Tukasubiri mpaka siku ya mwisho ya kontra, kisha tukaenda wawili ofisini kwa Madame Adélaïde. Nilikuwa nimefunga kilemba changu kizuri.

"Madame," nikasema, "mutoto wangu amekosa nini? Mwenye kosa ni miye."

"Mama Benite, mi simufukuze. Kufukuza ni kitu ingine."

"Basi mumupe kontra."

"Nimesema nitafwata ripoti. Kwenye ripoti kuko agent namba moja mpaka sita, na namba nane na tisa. Saba hayuko. Nitaandika kontra ya mutu asiyekuwako?"

"Lakini huyu hapa, Madame! Amesimama mbele yenu!"

Akamwangalia Benite, kwa huruma kabisa, kama mtu anayeangalia picha ya marehemu. "Namuona," akasema. "Lakini ripoti haimuone."

Hivyo ndivyo mtoto wangu alivyotolewa kazini na watu waliokuja kumpumzisha. Kweli alipumzika. Wiki tatu alilala, akaamka, akakaa ukutani, na hakunisemesha neno zaidi ya "ndiyo" na "apana". Wadogo zake wakarudishwa nyumbani na mifuko yao ya madaftari. Nikarudi sokoni na ndagala, nikakaa kwenye gunia langu, na kila mteja aliyenijulia hali nilitaka kumlilia.

Huko kliniki, kumbe, ghorofa ya juu ilikuwa imebaki bila Annick na bila Benite. Ripoti ilisema kazi inaweza kufanyika kwa hatua chache. Wakampa Jordan cheo, Mshauri wa Mpango wa Kazi, na makabati mengine mawili ya kushikia funguo. Bomba la juu halikuandikwa popote kwenye ripoti, kwa sababu halina mkono wa kuvalishwa bangili. Wagonjwa wakaanza kuoshwa na ndugu zao, na ndugu wakaanza kupiga kelele, na kelele zikafika kwa wenye kliniki.

Ndipo Madame Adélaïde akapiga simu. Benite arudi, ghorofa ile ile, vitanda vile vile, lakini kama kibarua wa siku. Hakuna kontra. Siku hakuna kazi, anarudi nyumbani. Siku akiugua, ni yake. Annick alipigiwa pia, akakataa. Anauza mandazi bandarini karibu na mumewe. Benite akafikiri usiku mmoja, akakubali, kwa sababu ya mifuko ile ya madaftari iliyokuwa imetundikwa msumarini.

Juzi nilimsikia anajitayarisha saa kumi na moja alfajiri. Nikaamka, nikavaa kilemba.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kwa Madame Adélaïde. Nitapiga magoti kama inabidi. Nitamwambia akuandikie hata kontra ya mwezi moja. Na kama hataki, nitaenda kwa ule Docteur, nitamukalia mlangoni mpaka akurudishe kwenye karatasi yake."

Benite akaweka chini kikombe cha chai. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, tangu ile siku ya matokeo, aniangalie usoni.

"Mama yangu. Kaa chini."

"Lakini..."

"Kaa. Nakuomba. Hii mara usinisaidie."

Akachukua mfuko wake, akatoka kuwahi bisi ya kwenda kazini.

Basi nimekaa. Nimekaa siku tatu sasa, na kwa kuwa mikono haijazoea kukaa, nimeomba daftari moja kwa wadogo zake, nikawaandikia nyinyi.